Kuchagua Kazi Usiyowahi Kuiona

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wazazi wao, Nairobi

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkafika, na nyinyi wanangu mliojaa hadi kwenye ngazi kule nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nieleze kwa nini wanafunzi wa vyuo hutatizika kuchagua kazi. Kwa miaka 14 nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi wanapokwenda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, na haipiti wiki bila kijana kubisha mlango wangu, akaketi, akatazama sakafu kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, sijui ninataka kuwa nani." Huyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Ana miaka 21 au 22. Amebakisha mwaka mmoja apate shahada, na nyumbani wameshaanza kuuliza.

Kijana huyo hunisikitisha kwa sababu huja akiwa ameshajihukumu. Anaamini wenzake wote wanajua wanakokwenda, yeye peke yake ndiye aliyepotea. Hajui kwamba mwenzake aliyekaa naye darasani asubuhi alikuwa kwenye kiti hicho hicho juzi.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na methali hiyo tunaitumia kumsuta mtu anayechaguachagua. Lakini mkipata nafasi nendeni Marikiti, soko letu la mazao hapa Nairobi, alfajiri, mumtazame mama anayenunua nazi za kwenda kuuza mtaani. Anaichukua moja, anaisogeza karibu na sikio, anaitikisa. Anasikiliza maji. Nazi iliyokomaa hulia ndani, maji yanacheza. Ile iliyojaa pomoni hailii, hiyo bado koroma. Ile nyepesi isiyo na sauti yoyote imekauka au imeoza, anairudisha. Anafanya hivyo kwa haraka sana, na mara nyingi hakosei. Mama huyo ni mchaguzi kwelikweli na kapu lake halina koroma hata moja.

Sasa chukueni mama yule yule, mwondoleeni nazi zote. Mpeni simu yenye orodha ndefu ya majina ya nazi, mwambieni achague kabla ya saa sita usiku mtandao ufungwe, na kwamba atakayoichagua ataila kwa miaka arobaini. Mkono wake utatetemeka. Ujuzi wake wote ulikuwa masikioni na viganjani, na nyinyi mmempa maandishi.

Wanangu, hivyo ndivyo mlivyochagua kozi. Mlipewa majina ya kazi mchague, na kazi zenyewe hamjawahi kuzitikisa.

Niwaambie yangu. Nilimaliza Kidato cha Nne zama za ile bodi ya pamoja ya udahili, JAB, kabla ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012 kuleta KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi kozi siku hizi. Barua yangu ilipofika, iliandikwa kwamba nimeitwa kusomea shahada ya usimamizi wa nyanda za malisho. Shuleni kwetu hakuna aliyewahi kuisikia. Baba alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili, akaikunja taratibu, akaniuliza: "Sasa ukimaliza, tutakuita nani?"

Hakuuliza nitafanya nini. Aliuliza wataniita nani. Daktari anaitwa daktari, injinia anaitwa injinia hata kanisani. Mimi ningeitwa nani? Usiku ule nililia. Nilisoma miaka miwili nikiwa na aibu, nikiulizwa ninasoma nini nasema "sayansi" tu, halafu nabadilisha mazungumzo.

Mwaka wa tatu nikapelekwa atachimenti Kajiado. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji ambaye ofisi yetu ilimtumia kama mwongoza njia. Siku moja tukasimama kwenye malisho yaliyoonekana kwangu kuwa sawa kabisa, kijani kila mahali. Mzee akachuchumaa, akazitenganisha nyasi kwa mikono miwili hadi udongo ukaonekana. Akaniuliza naona nini. Nikasema, nyasi. Akang'oa shina moja akanionyesha karibu na mzizi, mahali penye weupe, lililobaki lilikuwa fupi kama ukucha wangu. Akasema ng'ombe wakila mpaka hapa wakati wa kiangazi, mvua ikija nyasi hii hairudi. Halafu akanionyesha shina la jirani yake lililoliwa nusu, akalipapasa kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Hili litarudi, akasema. Palipokuwa kijani mbele yangu pakagawanyika: hapa panakufa, hapa panaishi. Nikayaona kwa macho yangu mwenyewe yale niliyokuwa nimeyakariri kwa mtihani. Sikuulizwa tena na nafsi yangu nitaitwa nani.

Kama ningemwona mzee yule kabla ya kujaza fomu, ningeipokea barua ile kwa furaha. Na huenda yuko mwenzangu aliyeitwa kozi hiyo hiyo ambaye angemwona mzee yule angejua mapema kwamba kazi hii si yake, akaepuka miaka minne ya mateso. Hiyo nayo ingekuwa heri.

Tatizo huanza mapema kuliko mnavyodhani. Wengi wenu mliacha fizikia mwishoni mwa Kidato cha Pili, mkiwa na miaka 15 au 16. Mliiacha kwa nini? Mwalimu alikuwa mkali. Rafiki yako alichagua jiografia. Maabara ilikuwa na taa moja ya gesi kwa wanafunzi kumi na wawili. Siku hiyo hakuna aliyekwambia kwamba mlango wa uhandisi umefungwa nyuma yako, nawe hukuusikia ukifungwa. Na wadogo zenu wa mtaala mpya huchagua mkondo wakiwa Gredi ya 9: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati upande mmoja, sayansi za jamii upande wa pili, sanaa na michezo upande wa tatu. Naupenda mtaala huo kwa mengi, lakini hili linanitia wasiwasi mno. Mtoto wa miaka 14 anahitaji kuonyeshwa kazi zaidi hata kuliko nyinyi.

Kisha zikaja pointi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo jeraha lilipo.

Pointi za klasta huhesabiwa kwa masomo manne, na juu kabisa ni 48. Ni kipimo cha kugawa nafasi ambazo hazitoshi, basi. Chuo kina nafasi kadhaa za udaktari, waombaji ni wengi, lazima kuwe na mstari. Lakini sisi tumezigeuza pointi zikawa pesa. Nimemsikia mzazi akimwambia binti yake aliyepata A- na kutaka ualimu: "Usitupe pointi zako." Kama mtu mwenye noti ya elfu moja anayetaka kununua kitu cha mia mbili akaambiwa ni mjinga! Kwa hiyo mwanafunzi anatafuta kozi ya bei ya juu kabisa ambayo pointi zake zinaweza kuinunua. Akiwa na 44 anasoma kinachouzwa 44. Hajauliza kama anakipenda, au atakuwa akifanya nini hasa saa nne asubuhi siku ya Jumanne ya kawaida, miaka kumi ijayo.

Na zile kozi za bei ya juu, je, zina uhakika tunaoahidiana? Waulizeni madaktari. Mtu husoma miaka 6, kisha anahitaji mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi ndipo asajiliwe kamili. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini kimojawapo cha mgomo kilikuwa hawa vijana wanaosubiri kupangiwa hospitali: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 uliwapa takriban 206,000. Hawa ndio waliokuwa vigogo wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, waliobebwa mabegani siku ya matokeo. Sisemi msisome udaktari. Anayeupenda ausome, nchi inamhitaji. Nasema tu kwamba mtoto aliyeambiwa "ukifika hapo umemaliza" alidanganywa, na sisi wazazi na walimu ndio tuliomwambia.

Kulikuwa na msichana mmoja wa sheria, mwaka wa tatu kama nyinyi. Alikuja akasema hana uhakika tena. Nikamuuliza: umewahi kuketi mahakamani? La. Hata siku moja? La. Alikuwa amesoma mamia ya hukumu na hajawahi kumwona hakimu akikohoa. Nikamwambia mahakama huendeshwa hadharani, hahitaji barua ya mtu yeyote. Avae nguo za heshima, azime simu, aende Milimani upande wa kesi za jinai, akae benchi la nyuma tangu saa tatu asubuhi mpaka mchana.

Alirudi kesho yake. Hakuzungumza kuhusu mawakili hata kidogo. Alisema kesi nyingi zilitajwa na kuahirishwa, mawakili wakingoja muda mrefu kwa ajili ya dakika tatu. Halafu akaletwa mwanamume mmoja asiye na wakili, akasomewa shtaka, akaulizwa kama ameelewa. Akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mkalimani wa mahakama akamtazama, akasogea kizimbani, akamweleza upya kwa Kikamba, polepole. Uso wa mtu yule ukabadilika. Alikuwa hajaelewa chochote. Akabadilisha jibu lake: si kweli.

Msichana aliniambia, "Mwalimu, kama yule mkalimani hangekuwepo, yule baba angekubali kosa." Alilisema mara mbili. Leo bado anasoma sheria, lakini anajua ni sheria ipi anayoitaka: ya mtu anayesimama kati ya mahakama na asiyeielewa. Pia anajua sasa kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu wakili, kwamba kuna Kenya School of Law kule Karen, miezi 6 chini ya wakili mzoefu, na mitihani ambayo wengi huirudia. Hayo yote aliyatafuta mwenyewe baada ya asubuhi moja kwenye benchi. Miaka mitatu ya mihadhara haikuwa imemsukuma kuyauliza.

Wazazi, sasa naomba nizungumze nanyi, kwa heshima.

Mwanafunzi wa mtaani kwetu hachagui peke yake. Kifungua mimba aliyesomeshwa kwa ng'ombe wawili waliouzwa, kwa harambee ya kanisa, kwa mkopo wa chama cha mama na kwa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, anapofikiria kubadilisha kozi anaona ng'ombe wale. Anaona wadogo zake wanne wanaomsubiri amalize ili zamu yao ifike. HELB wenyewe huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo kwisha, awe amepata kazi au bado anakanyaga lami. Mnapomwona amenyamaza, msidhani hana fikra. Anapiga hesabu, na kila hesabu inaishia kwenye uso wa mtu anayempenda. Nimekutana na vijana waliogundua kosa mwaka wa kwanza wakanyamaza mpaka wa nne, kwa sababu kuondoka kulionekana kwao kama kuwatukana mama zao.

Ninachowaomba si kwamba muwaache wafanye wapendavyo. Karo mnalipa nyinyi, mna haki ya kuuliza. Ninaomba mbadilishe swali. Badala ya "utakuwa nani?", muulizeni: "Umeiona wapi ikifanywa?" Na jambo la pili, rahisi zaidi: waambieni kazi zenu. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wa darasa langu waandike siku ya kazi ya mzazi mmoja, saa kwa saa, tangu afike mpaka aondoke. Wengi waliandika mistari mitatu wakakwama. "Baba yuko bandari kavu." Anafanya nini huko? "Sijui, anatoka saa kumi na moja." Mtoto amelishwa na kazi hiyo miaka ishirini na hajui ina sura gani! Mwambieni. Mwambieni unachokipenda, mwambieni bosi alipokudhulumu, mwambieni ile siku uliyotaka kuacha na kwa nini hukuacha. Hilo halihitaji karo.

Kuna hofu moja zaidi ninayoiona machoni mwenu, kwamba mkikosea sasa mmekosea maisha. Nitawapa mtu mmoja mnayemjua. Wangari Maathai alisomea biolojia Marekani, akarudi Nairobi 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi katika idara ya zuolojia. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi ile imepewa mtu mwingine. Barua mkononi, mizigo imeshashuka, kazi hakuna. Akaja kupata kazi katika anatomia ya mifugo, jambo ambalo hakulipanga, na 1971 akapata shahada ya uzamifu. Baadaye, akiwa katika utafiti wa ugonjwa unaoenezwa na kupe, alizunguka mashambani akikusanya kupe kutoka kwenye ng'ombe. Alikuwa ameinama hapo, kwenye masikio ya ng'ombe, alipoanza kuona kwamba ng'ombe wenyewe wamekonda, nyasi hazipo, mito imekuwa ya rangi ya udongo. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Katika fomu ya kozi ya mwaka wowote ule hakuna mahali pa kutia alama kazi aliyoifanya. Aliifikia kwa kuitazama vizuri ile iliyokuwa mbele yake.

Na kazi zenyewe hazikai mahali pamoja. Aliyejaza fomu 2006 hakuweza kuota kuwa wakala wa M-Pesa, maana M-Pesa ilikuja Machi 2007. Sasa hesabuni vibanda vya kijani kutoka hapa mpaka stendi ya matatu.

Hata huyu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ushauri wa kazi, Frank Parsons, aliyefungua ofisi yake Boston mwanzoni mwa 1908, alikuwa amesomea uhandisi. Kampuni ya reli aliyoingia ikafilisika, akafanya kibarua katika kiwanda cha chuma, akafundisha, akawa mwanasheria. Akafa mwaka ule ule wa 1908. Alichowaambia vijana waliomwendea kinaenea kwenye kiganja: ujijue, uijue kazi, kisha ufikirie kwa makini namna viwili hivyo vinavyokutana. Vyuoni kwetu tunashughulikia cha kwanza kwa karatasi za maswali kuhusu tabia yako, na cha pili tumekiacha kabisa. Mimi nakiamini zaidi hicho cha pili. Hujijui ukiwa umekaa chumbani. Unajijua ukiona mikono yako inachoka wapi na inasahau kuchoka wapi.

Haya, tufanye kitu. Miezi hii miwili nimezunguka nikiwaomba watu wakubali kufuatwa na mwanafunzi kwa siku moja ya kazi, kuanzia kufika mpaka kufunga. Wamekubali 23. Kuna mkadiriaji majenzi aliye kwenye jengo la Ruaka, muuguzi wa zamu ya usiku, fundi wa vyuma wa Kamukunji ambaye ana wanagenzi watano na daftari la hesabu safi kuliko la kampuni nyingi, mhariri wa redio, mwalimu wa chekechea, mtaalamu wa takwimu za bima, dereva wa lori la Mombasa ambaye ameniambia wazi kwamba atamrudisha kwa basi. Yupo pia mkalimani wa mahakama.

Masharti ni mawili. Hutamuuliza mshahara kabla ya saa sita mchana. Na usiku ule utaniandikia ukurasa mmoja, si wa kueleza kama umeipenda, bali wa kueleza ulichokiona akifanya kwa mikono na kwa macho. Ukiona kazi haikufai, andika hivyo hivyo, sitakasirika na mzazi wako hataambiwa na mimi.

Daftari liko mlangoni kwenye meza ya kushoto, lina kalamu mbili. Andikeni jina, kozi, na kazi mnayotaka kuiona, hata kama haimo kwenye orodha yangu, nitaitafuta. Kundi la kwanza ni Alhamisi, Marikiti, saa kumi na moja alfajiri. Vaeni viatu vya kufunga, mwaka huu mvua imenyesha na kule ndani kuna matope.